Kushusha Volti za USBasp: Ubao Unaoprogramiwa Ndio Uamue

Vifaa vingi vya USBasp, vile vya kuingizia programu kwenye maikrokontrola kupitia USB, vinavyouzwa huku kwetu vina jampa ndogo ya pini tatu, upande mmoja imeandikwa 5V na upande wa pili 3.3V, na karibu kila ninayemfahamu anayeshughulika na maikrokontrola za AVR anaamini kwamba akiisogeza upande wa 3.3V basi kifaa chote kimeshuka. Sivyo. Kinachobadilika ni umeme unaotoka kwenye pini ya VCC peke yake. Chipu ya ATmega8 iliyomo ndani ya kifaa inaendelea kutumia volti 5 za USB kama ilivyokuwa, na kwa hiyo nyaya za MOSI (data inayokwenda ubaoni), SCK (saa ya data hiyo) na RESET (ya kuianzisha upya chipu ya ubaoni) zinaendelea kupanda hadi volti 5. Ubao uliobuniwa kwa volti 3.3 unapewa umeme wa volti 3.3, huku ukipelekewa data ya volti 5.

Nimeona niliandike jambo hili kwa urefu kwa sababu bao za volti 3.3 zimekuwa nyingi hapa Mombasa. Katika mji ambao maji ya mfereji huja kwa zamu, kujua kiasi kilichobaki kwenye tangi la juu ya paa bila kupanda ngazi ni jambo lenye manufaa kwa kila nyumba, na vijana wengi wameanza kutengeneza vipimo vya maji vinavyotuma habari kwa redio kutoka juu hadi chini. Muundo wao hufanana: ATmega328P, redio ya RFM95, betri ya lithiamu na regulata (kidhibiti volti) ya volti 3.3. Ni muundo mzuri, na ninaupenda. Lakini programu inapoingizwa ubaoni kwa USBasp ambayo haijarekebishwa, redio ndiyo inayoumia, na mara nyingi mwenye ubao hajui kilichoiua.

Maikrokontrola yenyewe haina tatizo kubwa. ATmega328P inaweza kutumia umeme wowote kati ya volti 1.8 na 5.5, mradi pini zake, isipokuwa RESET, zisipewe volti zinazozidi umeme wake kwa zaidi ya nusu volti. Walio hatarini ni majirani zake. Redio ya RFM95 imeunganishwa kwenye nyaya zile zile za MOSI, MISO (data inayorudi kutoka ubaoni) na SCK zinazotumika kuingiza programu, na chipu ya SX1276 iliyomo ndani yake imeandikiwa kufanya kazi kati ya volti 1.8 na 3.7, na haistahimili zaidi ya volti 3.9. Kadi za kumbukumbu za SD na chipu nyingi za flashi nazo zina mpaka wa volti 3.6. Na madhara hayaishii kwenye pini. Ndani ya kila pini ya maikrokontrola, isipokuwa RESET, kuna diodi ya kinga inayoelekea kwenye VCC, kwa hiyo waya wa volti 5 unapofika kwenye chipu ya volti 3.3, mkondo hupita kwenye diodi hiyo na kumwagika kwenye njia ya umeme ya ubao mzima. Regulata ndogo za kawaida zinajua kutoa mkondo tu, haziwezi kuumeza, na hivyo volti za ubao zinapanda bila kizuizi.

Kijana mmoja anayesoma uhandisi wa umeme aliniletea ubao wake uliokuwa umenyamaza, redio haijibu kabisa. Tulikaa mezani, nikaweka ncha za multimita kwenye njia ya volti 3.3, kisha nikamwomba apakie programu yake kama alivyozoea.

"Lakini mwalimu, jampa niliiweka kwenye 3.3," akasema.

"Naiona, mwanangu. Sasa tazama mita."

Namba ilipanda ikavuka volti 4 na kubaki huko mpaka upakiaji ulipokwisha, kisha ikarudi 3.3 kana kwamba hakuna kilichotokea. Yeyote mwenye ubao wa aina hii anaweza kufanya jaribio hilo kwa dakika moja, ingawa ningeshauri alifanye kwenye ubao ambao redio yake haijawekwa.

Wenzetu wanaotumia PIC, familia nyingine ya maikrokontrola, wanapozungumzia uprogramishaji wa volti ndogo huwa wana jambo jingine akilini. Kwao, njia ya zamani inataka volti 12 hadi 13 kwenye pini ya MCLR (riseti ya PIC), na volti ndogo ni njia ya kuepuka umeme huo mkubwa kwa kutumia pini ya PGM, kama RB4 kwenye PIC16F628A. AVR zinazoprogramiwa kupitia pini za ISP, yaani zile za kuingizia programu chipu ikiwa ubaoni, hazihitaji volti 12 kamwe, kwani RESET inavutwa chini tu na chipu inaanza kusikiliza. Ninachozungumzia hapa ni kiwango cha volti cha nyaya za kawaida za data.

Sasa turudi kwenye USBasp. Kifaa hiki kilibuniwa na Thomas Fischl, ambaye aliachilia michoro na famwea yake (programu ya ndani ya kifaa) kwa wote, na kinatumia programu ya V-USB ya kampuni ya Objective Development ili ATmega8 iweze kuzungumza USB bila chipu maalumu. Uwazi huo ndio unaotuwezesha kukifanyia marekebisho tukijua kila waya unafanya nini.

Marekebisho ya bei nafuu kupita yote ni ya kugawa volti kwa risista: kiloomu 1 kwa mfululizo na kiloomu 2 kwenda ardhini, na volti 5 zinakuwa takriban 3.33. Kwa MOSI na SCK inafanya kazi bila taabu. Kwa RESET ni mtego. USBasp isipokuwa kazini huziachia nyaya zake zote, wala haizivuti juu au chini, na hapo ile risista ya kiloomu 2 inabaki ikivuta RESET ya ubao kuelekea ardhini dhidi ya risista ya kiloomu 10 inayoivuta juu. Hesabu inatoa volti 0.55, na ubao hauamki mpaka uchomoe kebo. Wengi hubadilisha risista hizo kwa diodi, ili USBasp iweze kuvuta RESET chini lakini isiweze kuipandisha, na wazo hilo ni sahihi, ila aina ya diodi ina umuhimu. ATmega328P inataka RESET ishuke chini ya asilimia 10 ya VCC, yaani volti 0.33 kwenye ubao wa volti 3.3. Diodi ya 1N4148 inabakiza takriban nusu volti, na hapo chipu nyingine zitakubali na nyingine zitakataa, jambo ambalo ni gumu kulitafutia chanzo. Diodi ya Schottky kama 1N5819 inashuka chini ya mpaka huo kwa mkondo mdogo namna hii.

Upande wa kurudi pia ni finyu. ATmega8 inayotumia volti 5 inahesabu kuwa imeona moja (ishara ya juu) pale waya wa MISO unapofika asilimia 60 ya umeme wake, yaani volti 3.0, na USB inaruhusiwa kufika volti 5.25, hapo mpaka unakuwa 3.15. Ubao wa volti 3.3 kamili unapita kwa nafasi ndogo sana. Ubao unaotumia betri iliyoshuka hadi volti 3.0 hautapita, na avrdude, programu ya kompyuta inayoiamuru USBasp, italalamika kwamba ilichosoma hakilingani na ilichoandika, ilhali uandishi wenyewe huenda ulikuwa sawa. Kwa sababu hizi mbili siwezi kuipendekeza njia ya risista isipokuwa kwa mtu mwenye ubao mmoja na haraka nyingi.

Njia ya pili ni kukishusha kifaa chenyewe. Soma kwanza maandishi ya chipu iliyomo, kwani hapo ndipo jambo linapoamuliwa. ATmega8A inaruhusiwa megahezi 16 kuanzia volti 2.7, kwa hiyo kristali ya megahezi 12 iliyomo kwenye USBasp haina shida kwa volti 3.3. ATmega8 isiyo na herufi mwishoni inaanzia volti 4.5, na ATmega8L ina mpaka wa megahezi 8. Hizo mbili ziache. Ukiwa na ATmega8A, fuata kwa multimita njia inayotoka pini ya umeme ya soketi ya USB hadi pini za 4, 6 na 18 za chipu, ikate kwa kisu chenye makali mahali ambapo pana nafasi ya kulehemu, kisha weka regulata ya MCP1700 ya volti 3.3 pamoja na kapasita ya maikrofaradi 1 kila upande. Risista inayovuta D- juu, ambayo kwa kawaida ni ya kiloomu 2.2, ibadilishe iwe ya kiloomu 1.5, kwa kuwa sasa inavuta kuelekea volti 3.3. Mpangilio wa bao hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo usifuate picha ya mtu mwingine. Fuata mita yako.

Kifaa kikishushwa namna hiyo kinafanya kazi safi kwenye bao za volti 3.3, na mpaka wa MISO unashuka hadi volti 1.98. Lakini kuanzia siku hiyo hakifai tena kwa ubao wa volti 5, kwani MISO ya ubao itakipelekea volti 5 kwenye chipu inayotumia 3.3, na tatizo ni lile lile, limegeuzwa tu. Kiandike kwa wino usiofutika.

Mimi nimetua kwenye njia ya tatu, na ndiyo ninayotaka kuitetea. Ubao unaoprogramiwa ndio uamue volti, na kifaa cha kuprogramu kifuate. Mwenye ubao ameshachagua umeme wake, ameshauwekea betri na regulata, na hakuna sababu ya kumlazimisha akumbuke mahali pa jampa kila anapofungua sanduku la vifaa. Kinachohitajika ni ubao mdogo wa kati, uliotengenezwa juu ya kipande cha veroboard (ubao wa matundu wa kulehemu), wenye chipu mbili za miguu 14: moja ya 74AHC125 na moja ya 74HCT125. Kila moja ina bafa nne, yaani sakiti ndogo za kupitisha ishara, na kila bafa ina pini yake ya ruhusa ambayo ikiwa chini bafa inafanya kazi, na ikiwa juu bafa inajitoa kwenye waya.

Chipu ya 74AHC125 inapata umeme kutoka kwenye VCC ya ubao unaoprogramiwa, si kutoka kwa USBasp. Inafanya kazi kuanzia volti 2.0 hadi 5.5, na pini zake za kuingizia zinavumilia volti 5 hata umeme wake ukiwa mdogo kuliko huo, sifa ambayo chipu za 74HC za kawaida hazina. Bafa ya kwanza inapitisha MOSI, ya pili inapitisha SCK. Bafa ya tatu ni ya RESET, na hapa pana ufundi ninaoupenda: pini yake ya kuingizia imeunganishwa ardhini moja kwa moja, na waya wa RESET unaotoka USBasp umeunganishwa kwenye pini yake ya ruhusa. USBasp ikivuta RESET chini, bafa inaruhusiwa na inatoa sifuri kamili isiyo na nusu volti ya diodi. Ikiachia, bafa inajitoa na risista ya ubao inaipandisha RESET hadi kwenye volti za ubao wenyewe. Waya huo huo wa RESET unaunganishwa pia kwenye pini za ruhusa za MOSI na SCK, pamoja na risista ya kiloomu 10 inayouvuta juu kwenye volti 5 za USBasp. Matokeo yake ni kwamba nyaya zote zinaushika ubao wakati wa kuprogramu peke yake, na baada ya hapo redio na maikrokontrola zinazungumza bila kuingiliwa. Bafa ya nne haitumiki, kwa hiyo pini yake ya kuingizia iende ardhini na ya ruhusa iende kwenye VCC.

MISO inarudi kupitia 74HCT125, ambayo inapata volti 5 za USBasp na inahesabu moja kuanzia volti 2.0 tu, na hivyo ule ufinyu nilioueleza juu unaondoka. Pini yake ya ruhusa nayo iende kwenye waya wa RESET. Bafa zake tatu zilizobaki zifungwe kama ile ya nne ya mwenzake. Kwenye kila waya unaotoka weka risista ya omu 330 kwa mfululizo, isije ikatokea pande mbili zikasukumana, na weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme ya kila chipu. VCC ya USBasp na VCC ya ubao zisikutane popote. Ardhi ndiyo inayokutana. Jampa ya USBasp sasa inakaa kwenye 5V daima, na huna haja ya kuigusa.

Risista moja zaidi haionekani kwenye michoro mingi. USBasp inapoanza kuprogramu inashusha RESET, kisha inaipandisha kwa muda mfupi sana na kuishusha tena, na kanuni ya AVR inataka SCK iwe chini katika muda huo. Kwenye mpangilio wangu, RESET inapopanda bafa ya SCK inajitoa, na waya unabaki hauna mwenyewe. Kwa hiyo weka risista ya kiloomu 10 kutoka SCK ya upande wa ubao hadi ardhini. Nayo risista ya kiloomu 10 kutoka pini ya kuchagua redio hadi volti 3.3 ni ya lazima kwenye ubao wenyewe, kwa sababu maikrokontrola iliyo kwenye riseti inaziachia pini zake zote, na redio isipovutwa wazi kuambiwa inyamaze inaweza kuamka na kusema juu ya MISO wakati ambapo si zamu yake. Mara nyingi nimeona watu wakilaumu kifaa cha kuprogramu kwa kosa hili la mchoro.

Kebo isiachwe imechomekwa ubaoni huku USB imechomolewa. ATmega8 isiyo na umeme inauvuta waya wa RESET chini kupitia diodi zake, bafa zinajiona zimeruhusiwa, na ubao unabaki kwenye riseti.

Kabla ya kuunganisha chochote cha thamani, jaribu ubao wa kati peke yake. Upe upande wa ubao volti 3.3 na upande wa USBasp volti 5, unganisha waya wa RESET ardhini, kisha peleka volti 5 kupitia risista ya kiloomu 1 kwenye MOSI na upime inakotokea. Usome 3.3. Fanya vivyo hivyo kwa SCK, halafu peleka volti 3.3 kwenye MISO na usome 5 upande wa pili. RESET ya upande wa ubao isome karibu na sifuri. Achilia waya wa RESET, na yote yawe yamejitoa.

Kuna waliojaribu kufupisha kazi hii kwa chipu za TXB0104 zinazotambua mwelekeo zenyewe. Chipu hizo zina nguvu ndogo sana ya kusukuma, na zinachanganyikiwa na risista za kiloomu 10 na taa zilizo kwenye nyaya. Arduino Pro Mini ina taa yake kwenye pini ya 13, ambayo ndiyo SCK. Sizipendekezi kwa kazi hii.

Sehemu zote hizi zinapatikana Luthuli Avenue, Nairobi, na zinashuka kwa basi kama kifurushi kingine chochote. Ukishamaliza, andika amri ya kawaida, `avrdude -c usbasp -p m328p -B 10`, na ATmega328P ijibu kwa sahihi yake, yaani namba yake ya utambulisho, 0x1e950f. Ile -B 10 ni ya kupunguza kasi: chipu mpya kutoka kiwandani inatumia megahezi 1, na SCK inatakiwa iwe chini ya robo ya hapo, ilhali USBasp isipoambiwa kitu hutumia kilohezi 375. Ikiwa kifaa chako kina famwea ya zamani, avrdude itasema kwamba haiwezi kubadilisha kasi ya SCK, na hapo utalazimika kufunga jampa ya kasi ndogo au kupakia famwea mpya kwa kutumia kifaa kingine. Sahihi ikija yote sifuri au yote ff, usikimbilie kulaumu bafa. Kwa hewa yetu ya chumvi, pini za hedari zilizokaa wazi karibu na bahari hushika ukungu wa kijani, na waya mmoja usiogusa unatoa dalili hizo hizo. Pima miguso kwanza.

Fyuzi za chipu, yaani mipangilio yake ya kudumu, nazo ziangaliwe kabla ubao haujafungwa. Kiwango ambacho umeme ukishuka chini yake chipu huingia kwenye riseti kikiwa kimewekwa volti 4.3, kama ilivyo kwenye baadhi ya bao za volti 5, chipu itabaki kwenye riseti milele kwa volti 3.3, kiweke 2.7 au 1.8. Kristali ya megahezi 16 nayo haifai, kwani kwa volti 3.3 mpaka salama wa ATmega328P ni takriban megahezi 13, na ndiyo maana bao za volti 3.3 hutumia 8.

Bao za volti 1.8 ziko nje ya uwezo wa mpangilio huu, kwa kuwa 74AHC125 inaanzia volti 2.0 na 74HCT125 haitaiona moja ya volti 1.8. Kwa hizo, kila waya upewe chipu yake ya 74LVC1T45, ambayo ina pini mbili za umeme, moja kwa kila upande, na inafanya kazi kuanzia volti 1.65 hadi 5.5. Ni ndogo sana kwa veroboard, na zinahitaji ubao uliochapwa na mkono uliotulia wa kulehemu.